Mshubiri wa Kina Kaari

Kaari mke wa Bundi hakuwa mwanamke wa kusimuliwa. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, mwepesi wa kucheka na mzito wa kusahau. Alilima, alichota maji, aliimba kanisani kwa sauti ambayo mwalimu wa kwaya alimwomba mara mbili aipunguze. Angepita duniani kama wapitavyo wengi, umande juu ya jani la mgomba, lau si mmea mmoja uliokuwa na umri mkubwa kuliko mtu yeyote aliyepata kumwona.

Mmea wenyewe ulikuwa mshubiri. Ulikaa nyumbani kwa nyanya yake, ng'ambo ya mto Rupingazi, kwenye mgongo wa kilima wa mwisho kabla ya msitu. Hapo juu ya mlango, chini ya paa, palikuwa na chungu cha zamani kilichovunjika mdomo, na kutoka chunguni majani mazito yenye meno pembeni yalichungulia kama vidole vya mtu anayesikiliza maongezi ya watu. Watoto hawakuruhusiwa kukigusa chungu kile. Kaari alikua akiyaona majani tu. Kilichokuwamo ndani hakukiona.

Watoto wote wa nyumba ile waliachishwa ziwa kwa mshubiri huo. Siku ilipofika, nyanya alipanda kigoda, akakata ncha ya jani, akampaka mama titi. Mtoto alikuja mbio kama kawaida yake, akanyonya, akakunja uso, akamtazama mama yake kama aliyesalitiwa, kisha akalia mpaka majirani wakajua. Kesho yake alikunywa uji. Baba yake Kaari aliuonja uchungu huo. Shangazi zake waliuonja. Waliokufa waliuonja, hata wale ambao makaburi yao hayakujulikana tena. Ndiyo sababu watu wa ukoo ule, walipogombana, mmoja wao hukumbusha: "Sisi tumeonja jani moja." Ugomvi ukapoa.

Mshubiri haukurithiwa na binti wala mke wa mwana. Kwa Waembu, binti wa kwanza wa mwana hupewa jina la mama wa baba yake, na mmea ulilifuata jina. Ulitoka kwa Kaari mzee ukaenda kwa Kaari mdogo, ukiruka kizazi kimoja kama mtu anayeruka kijito. Wajina mdogo alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mzee alikuja na mmea, akakaa siku tatu, akamfundisha yote.

Kaari alijifungua Salesio mwaka wa hamsini na tatu. Wakoloni walikuwa wametangaza Hali ya Hatari mwaka uliotangulia, kwa ajili ya wapiganaji wa msituni, na hakuna aliyevuka mto bila pasi. Kabla mtoto hajaota meno, Bundi alichukuliwa akapelekwa kambini Mwea. Siku tatu za nyanya zikasubiri. Zikasubiri mwaka mzima.

Kisha amri ikaja kwamba watu wote wanaokaa karibu na msitu wahame, waingie katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro. Kaari alikuwa bado anafunga vyungu vyake vya kupikia askari walipofika na mienge. Aliyewasha paa lake alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye viatu vilivyopasuka. Kabla ya kuwasha, aliingia ndani akatoka na kuku aliyekuwa amelalia mayai, akamweka chini ya mti pamoja na mayai yake, moja moja. Halafu akachoma nyumba. Kaari aliviona vyote viwili na hakujua aanze kumchukia kwa kipi.

Njiani, penye njia panda, misafara miwili ilikutana. Watu wa mgongo wake walipelekwa mashariki, watu wa nyanya yake magharibi. Vumbi, mbuzi, vitanda vichwani, wazee migongoni. Katikati ya msafara ule mwingine alimwona nyanya, mdogo kuliko alivyomkumbuka, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa ngozi ya mbuzi.

"Cucu!"

"Njoo, wajina. Njoo upesi, hawa hawana subira."

Nyanya akamtia kile kifurushi mikononi. Askari alikuwa tayari anapiga kelele, "Tembeeni! Tembeeni!" Palikuwa na nafasi ya kusema jambo moja tu, na mzee akalichagua.

"Sikiliza. Kaari wa Ng'ombe alikaa nao nchi ya chini, kwenye mawe na miiba. Akampa mjukuu wake, Kaari wa Njaa. Huyo ndiye aliyepanda huku kwa miguu mwaka ule mvua ilipokataa. Siku sita, maana wenye njaa hawatembei, hujikokota. Ndugu zake wawili walibaki njiani kwa kiu. Yeye alifika na mmea mkononi. Akanipa mimi, na mimi wananiita Kaari wa Ndui. Na wewe..."

Kitako cha bunduki kikamsukuma begani. Msafara ukamchukua. Kaari alisimama akiangalia kile kichwa cheupe kikienda, kikienda, mpaka vumbi likakifuta.

Alipofungua ngozi jioni ile katika kijiji kipya, alikuta mshubiri una mizizi mitupu. Moyo ukamwuma. Maskini, akasema, udongo wote umemwagika njiani.

Hapo ndipo kosa lake lilipoanzia, na lilikuwa kosa la mapenzi.

Kijiji kilikuwa nyumba za mviringo zilizopangwa kama askari wa gwaride, bila mti hata mmoja. Miti yote ilikuwa imekatwa ili walinzi waone mbali. Lango lilifunguliwa asubuhi wanawake waende kuchimba handaki kubwa kando ya msitu, likafunguliwa tena jioni warudi. Maji yalichotwa mara moja kwa siku, kwa saa moja, foleni chini ya bunduki, debe moja kwa kila mwanamke.

Kaari alipata debe kuukuu lenye kutu. Akalijaza udongo mweusi wa kando ya mto, akachanganya na samadi ya mbuzi, akaupanda mshubiri katikati kama anayemlaza mtoto. Kila jioni, katika debe lake moja la maji, aliteka vikombe viwili akaumwagia. Siku nyingine hakuoga. Siku nyingine alipika mahindi kwa maji machache mpaka yakashika chungu.

Alikaa nyumba moja na Ednah, mjane wa makamo mwenye ulimi mkali. Ednah alitazama hayo kwa mwezi mzima kabla ya kusema.

"Mama Salesio, huo mti unakunywa kuliko marehemu mume wangu."

"Mwache anywe. Ametembea mbali."

"Hata yeye alikuwa akisema hivyo hivyo."

Mwanzoni majani yalivimba, yakang'aa kijani. Kaari akafurahi. Kisha jani la chini likawa la manjano, laini, likaanguka kama kitambaa kilicholoa. Akadhani una kiu, akaongeza kikombe cha tatu. Jani la pili likaanguka. Shina likaanza kulainika, na harufu ikaja, harufu ya kitu kinachooza taratibu.

Salesio alikuwa ametimiza umri wa kuachishwa ziwa, na mama yake alikuwa amekonda kwa handaki mpaka maziwa yakawa kama maji ya kunawia. Lakini angekataje jani la mgonjwa? Akaendelea kunyonyesha, akaendelea kumwagilia. Moyoni alijiuliza swali moja usiku na mchana. Kina Kaari watatu waliubeba katika miiba na njaa na ndui. Je, utafia mikononi mwake, yeye wa nne, ndani ya debe la mafuta ya taa?

Siku moja askari walipita wakipekua nyumba. Aliyeinama mlangoni pa Kaari alikuwa yule mrefu mwenye viatu vilivyopasuka. Jina lake lilikuwa Ndambiri, na wote walijua alikuwa mtu wa Mbeere, ile nchi ya chini yenye ukame, kutoka upande wa Kiritiri. Akaligonga debe kwa fimbo.

"Hiki nini?"

"Mti, afande."

"Naona ni mti. Wa kiapo cha watu wa msituni?"

Ednah alijibu kutoka jikoni: "Ukila kiapo kwa huo, afande, utaharisha mpaka Nairobi."

Askari mwenzake aliyekuwa nje akacheka. Ndambiri hakucheka. Alichuchumaa, akaweka fimbo chini, akabonyeza shina kwa kidole. Uso wake ukabadilika.

"Nani anaua hii?"

"Hakuna anayeua. Ni mgonjwa."

"Mama, unaipa maji?"

"Kila siku."

"Kila siku!" Alisema kama aliyeambiwa kwamba mtoto anapigwa kila siku. "Kwetu hii inaota juu ya jiwe. Jua likiua mbuzi, hii inatoa maua. Ing'oe. Kata kote kulikooza, usione huruma. Kilichobaki kitundike juu ya mlango, mizizi juu, kichwa chini. Usikipe udongo. Usikipe maji. Kisahau."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kisahau maji."

Akachukua fimbo yake, akatoka.

Ednah alisubiri hatua za viatu ziishe. "Haya. Mtu aliyekuchomea nyumba amekuja kukufundisha malezi. Kesho atakuambia umtundike na Salesio."

Kaari alicheka, ila kicheko hakikumshuka moyoni. Angeaminije? Huenda yule mtu alimdhihaki. Huenda alitaka amwone mwanamke mjinga akinyonga mmea wa nyanya yake kwa mkono wake mwenyewe, apate la kusimulia kambini. Na hata kama alisema kweli, kweli ya kutoka kinywa kile ilikuwa ngumu kumeza. Siku tatu zikapita. Jani la tano likaanguka.

Siku ya nne walikuwa handakini. Lilikuwa limekwenda chini kupita kimo cha mtu, na jua la saa sita lilikuwa limesimama juu yake kama mfuniko. Walinzi walikuwa wamekataza maji mpaka kipimo cha siku kimalizike. Ulimi wa Kaari uligandamana na kaakaa. Alipoinua jembe, alisikia damu ikigonga masikioni, na mbele yake ukuta wa udongo mwekundu ukaanza kutembea.

Hapo akamwona. Hakuwa mzimu wala ndoto. Alimwona kama tunavyomwona mtu tuliyesimuliwa tangu utotoni: msichana aliyekonda, midomo imepasuka, anapanda kutoka nchi ya miiba kwa siku sita. Nyuma yake ndugu wawili wamelala, hawatainuka. Mkononi ana mmea.

Kaari akateremsha jembe. Kaari wa Njaa aliuwekea udongo wapi? Mkononi hakuna udongo. Na maji? Msichana aliyewaacha ndugu zake wawili wamekufa kwa kiu, angekuwa na tone moja, angelimwagia mmea? Asingelimwagia. Hakuwa na maji. Siku sita hakuupa kitu, na ulifika.

Akakumbuka na jingine, dogo, lililokuwa limelala akilini mwake miezi mingi. Ile ngozi ya mbuzi alipoikung'uta jioni ile, haikudondosha udongo. Haikudondosha hata chembe.

"Mama Salesio!" Ednah alimvuta kanga. "Chimba, wanakuangalia."

"Ednah," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kunong'ona kama mtu aliye kanisani, "aliniambia."

"Nani?"

"Cucu. Aliniambia yote pale njiani."

Jioni ile aliung'oa. Shina kubwa, lile lililotoka nchi ya chini, lilimvunjikia mikononi kama ndizi iliyoiva mno. Alilia akikata. Alikata majani, akakata moyo wa shina, akazidi kukata mpaka kisu cha Ednah kikakutana na kitu kigumu. Ubavuni, mahali alipokuwa hajapatazama, palikuwa na chipukizi ukubwa wa ngumi, lenye mizizi yake mitatu, zima. Kitoto kilikuwa kimetoka ubavuni mwa mama, nyama ile ile, maji yale yale machungu. Akakishika kwenye kiganja. Akafikiri: labda hata huu uliokufa leo ulikuwa kitoto ubavuni mwa mwingine, na huo mwingine ubavuni mwa mwingine, nyuma, nyuma, mpaka kwa mwanamke ambaye jina lake ndilo langu na uso wake siujui. Akaketi chini.

Alikifunga kwa kamba ya mgomba, akakitundika juu ya mlango, kichwa chini.

"Sasa umekinyonga kama mwizi," Ednah alisema. Lakini ndiye aliyemshikia kigoda.

Kikasinyaa. Kikakunjamana kama mkono wa mzee. Kikageuka rangi, kikawa chekundu chekundu, kama kaa linalozimika. Kila asubuhi Kaari alipita chini yake akienda handakini, na kila asubuhi alilazimika kuizuia mikono yake isichukue kikombe. Alipomwona Ndambiri langoni, alimtazama kwa jicho ambalo lingekausha kisima. 

Mwezi wa nne tangu akitundike, alikibonyeza. Kilikuwa kigumu kama jiwe. Akapanda kigoda, akakata ncha ya jani moja, si zaidi ya ukucha, akajipaka. Salesio alikuja mbio, akanyonya, akakunja uso, akamtazama mama yake kama aliyesalitiwa. Kijiji kizima kilisikia kilio chake. Kaari alimkumbatia akicheka na machozi yakimtoka, maana mtoto huyu naye alikuwa ameonja jani moja na baba yake Kaari, na shangazi, na wafu.

Mwaka uliofuata, katika kiangazi kikali cha Januari, kitu kikachomoza katikati ya majani. Kilianza kuelekea chini, kwa kuwa chini ndiko kulikokuwa kichwa. Kisha, siku baada ya siku, kikaanza kujikunja. Kikaitafuta mbingu polepole, kama shingo ya mtu anayeamka, kikapita ukingo wa paa, kikasimama wima. Na asubuhi moja kikapasuka kuwa maua, mekundu ya moto, mengi, yakining'inia kama vipuli.

Chozi wawili, wale ndege wadogo wa kunyonya maua, walikuja kutoka msituni. Katika kijiji kile kisicho na mti, hakuna aliyekuwa ameona ndege akitua tangu siku ya kuhamia.

Wanawake waliporudi kutoka handakini jioni ile walisimama. Hakuna aliyewaambia wasimame. Majembe mabegani, udongo mwekundu mpaka nyusoni, walisimama mbele ya mlango wa Kaari wakitazama juu, na Ednah miongoni mwao. Mmea ulikuwa umening'inia mwaka mzima bila udongo, bila tone, umegeuzwa miguu juu, na ulikuwa umechanua.

Ndambiri alikuwa akiwahesabu wanavyoingia. Alifika thelathini na kitu, akasahau alipofikia.

Watu walipotawanyika, akaja karibu. Akavua kofia yake, akaikunja mkononi.

"Mama Salesio. Mama yangu alikuwa nayo. Ilikufa naye."

Kaari aliegemeza jembe ukutani.

"Siombi chipukizi. Najua haitoki hivyo. Naomba tone."

Kaari alimwangalia. Aliuona mwenge mkononi mwake. Aliona na kuku, na mayai, moja moja, chini ya mti. Hakumsamehe, hilo alilisema mpaka uzeeni. Lakini alipanda kigoda, akakata ncha, akampa. Ndambiri aliigusisha ulimini. Uso wote wa yule mwanamume mrefu ukakunjamana kama wa mtoto wa miaka miwili, akafumba macho, akabaki amefumba.

"Ni hii," alisema mwishowe. Kisha akavaa kofia, akakohoa. "Unataka nini?"

"Pasi. Ya siku moja. Kwenda ng'ambo ya mto."

Pasi ilichukua wiki mbili. Aliondoka lango lilipofunguliwa, mshubiri ukiwa umefungwa mgongoni kwa kanga, mahali alipokuwa akimbeba Salesio, ua likimchomoza juu ya bega.

Nyanya alikuwa amekaa nje ya nyumba isiyokuwa yake, macho yamefunikwa na ukungu. Alizitambua hatua.

"Wajina."

"Cucu."

Kaari akauweka mmea mapajani pake. Vidole vya mzee vilitembea taratibu: vikagusa majani, vikakuta makovu yaliyokatwa, vikashuka kwenye mizizi, mitupu, mikavu. Vikakaa hapo. Halafu vikapanda na kikonyo mpaka kwenye maua. Alianza kucheka, kicheko kidogo kisicho na meno.

"Nani alikuambia usiuwekee udongo?"

"Wewe."

"Mimi sikukuambia. Nimelala macho tangu siku ile nikilia kwamba sikukuambia."

"Uliniambia Kaari wa Njaa alitembea siku sita."

 Kuku walikuwa wakiparua vumbini. Mahali fulani mwanamke alikuwa akitwanga.

"Chungu kile," nyanya alisema, "hakikuwahi kuonja udongo. Nilikiweka pale ili mbuzi wasiufikie." Akaupapasa tena, jani kwa jani, kana kwamba anahesabu watoto waliorudi. "Pale njia panda sikumaliza. Nilitaka kukuambia utaitwa nani. Kumbe nilikuwa sijui. Wewe ni Kaari wa Handaki."

Wakakaa pamoja mpaka jua likapita utosini.  Walipoagana, mzee alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamtemea mate ya baraka kifuani.

Kaari aliteremka kuelekea Rupingazi. Kiu ilikuwa imemshika tangu asubuhi. Akaufungua mshubiri mgongoni, akaulaza juu ya jiwe kubwa lililochomwa na jua, akapiga magoti, akanywa kwa viganja, akanywa tena, maji yakimtiririka hadi viwikoni. Alipotosheka, aliifuta mikono yake kwa kanga, kidole kimoja kimoja, mpaka ikakauka kabisa. Ndipo akauinua, akaufunga mgongoni kichwa chini, akavuka mto.